Tupeane uzoefu: kuutunza mwili kama ibada ya kila siku

Nyota Njema (mwanzisha uzi)

Wapendwa, salamu kwa imani zote. Tukizungumza ibada hapa tunataja sala, mifungo, sadaka na mikesha. Ni nadra mtu kutaja usingizi, kwenda kupima presha, au kukataa kazi ya ziada wakati mgongo umeshagoma. Mimi nayahesabu hayo kuwa ibada kamili, wala siyo maandalizi ya ibada. Tupeane uzoefu, kila mtu na imani yake, na asiye na dini karibu pia. Sharti ni moja: eleza unachokifanya kweli. Mahubiri tumeshiba.

Naanza mimi. Nilimuuguza mama mwenye kisukari. Kila jioni nilimwosha miguu kwa maji ya uvuguvugu, nayapima kwanza kwa kiwiko changu, maana nyayo zake zilikuwa zimekufa ganzi na asingejua kama yanaunguza. Kisha kitambaa kikavu, kidole baada ya kidole, pasibaki unyevu katikati. Mafuta nampaka juu ya mguu na kisiginoni, ila siyo kati ya vidole. Huku mikono ikifanya kazi, moyoni nilikuwa nasema, "Bwana, umhifadhi huyu." Mama alipotangulia, nilibaki na jioni tupu na visigino vyangu vilivyopasuka hadi vinakwaruza shuka. Beseni lipo, kitambaa kipo. Nikakaa, nikaanza na mguu wa kulia. Sala ni ile ile, nimebadilisha jina tu.

Baba Wawili

Assalaam alaykum. Kwetu jambo hili lina mizizi. Salman, sahaba wa Mtume, alimtembelea ndugu yake wa imani Abu Dardaa, akamkuta mke wa Abu Dardaa amejiachia, hajipambi tena. Kumuuliza, akajibiwa kwamba nduguyo hana haja na dunia. Usiku Abu Dardaa akataka kusimama kuswali, Salman akamwambia lala. Akalala. Akataka kuinuka tena, akaambiwa lala. Usiku ulipofika mwishoni ndipo Salman akasema, sasa amka, wakaswali wote wawili. Kisha akamkumbusha: Mola wako ana haki juu yako, nafsi yako ina haki juu yako, na ahli zako wana haki juu yako, basi mpe kila mwenye haki haki yake. Mtume (s.a.w.) alipohadithiwa, alisema Salman amesema kweli.

Kinachonigusa hapo ni kwamba dalili ya kwanza ilionekana kwa mke. Mtu anayejikausha kwa ucha Mungu, wa kwanza kujua ni wa ndani ya nyumba. Msikitini tutamsifu tu.

Ninachofanya mimi: natia nia kabla ya kulala. Muadh bin Jabal, sahaba mwingine, alisema anatarajia malipo kwa usingizi wake kama anavyotarajia kwa kisimamo chake cha sala ya usiku. Tangu niishike kauli hiyo, simu yangu inalala sebuleni. Huwezi kutia nia halafu ukaendelea kuperuzi.

Mkaidi wa Kudumu

Naheshimu uzi, ila niseme ukweli. Siku hizi kila mtu "anajitunza", na ukichungulia unakuta ni mishumaa ya manukato, mafuta ya bei na picha za kuonyesha watu. Roho iko wapi hapo?

Nyota Njema

Mkuu, swali la haki kabisa. Ndiyo maana nimeanza na beseni. Wayahudi wanamsimulia mwalimu wao Hillel, aliyeishi karne ya 1 kabla ya Kristo. Wanafunzi walimuuliza anakwenda wapi, akasema kutimiza amri ya Mungu. Amri gani? Kuoga. Akawaeleza kwamba sanamu za mfalme huwekewa mtu wa kuzisugua na kuzisafisha, naye analipwa kwa kazi hiyo. Sembuse mimi niliyeumbwa kwa mfano wa Mungu? Alikuwa anakwenda zake bafuni tu. Hakuna alichonunua wala alichotangaza.

Mgeni wa Jiji

Mimi sina dini. Nikinywa maji naweka kila kitu chini, nakaa, nakunywa hadi yaishe. Ndiyo hivyo tu.

Dada wa Kazi

Naomba nichangie japo huenda nikaharibu hali ya hewa. Nafanya kazi za ndani. Mama mwenye nyumba ana saa yake ya utulivu kila alasiri, anafunga mlango, anatafakari na kusoma neno. Jambo jema, simlaumu, na akitoka huko anakuwa mpole kweli. Ila saa hiyo ya ukimya inatengenezwa na mimi. Ndiye ninayewatoa watoto nje, ninayewahi kuinua simu isiite, ninayemwambia fundi asubiri na nyundo yake. Utulivu wake una mlinzi, na mlinzi hana zamu ya kupumzika.

Kutoka 23:12 panasema siku ya saba upumzike, ili ng'ombe wako na punda wako wapate kupumzika, na mtoto wa mjakazi wako na mgeni wapate kuburudika. Soma vizuri. Bosi anaambiwa aache kazi ili wengine wapumue. Mnaosema mapumziko ni ibada, tazameni kwanza nani anafagia mkiwa mmepumzika.

Kwangu mimi: watoto wakishalala nakaa ngazini nyuma ya nyumba, nanyoosha vidole kimoja kimoja, nakitaja kila kimoja na kazi kilichofanya mchana. Hicho kilisuka nywele. Hicho kilishika pasi. Nikimaliza kumi nimeshamaliza sala.

Mkaidi wa Kudumu

Dada, huu ndio mchango wa uzi. Nimeinua mikono.

Pumzi Moja

Nina sonona, niko kwenye dawa. Kanisani niliambiwa mara nyingi niombe zaidi, kana kwamba vidonge ni kukosa imani. Kilichonivusha ni 1 Wafalme 19. Eliya, nabii mzima, kaketi chini ya mti anaomba afe. Mungu hakumkemea, wala hakumpa somo. Alilala, malaika akamgusa: inuka, ule. Akala, akanywa, akalala tena, na malaika akaja mara ya pili na maneno hayo hayo, akiongeza kwamba safari ni kubwa mno kwake. Mazungumzo na Mungu yalikuja baada ya hapo, mlimani Horebu.

Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya kumeza kidonge, nakishika kiganjani nasema, "Inuka, ule." Kuna siku sala yangu yote ni hiyo, siongezi neno. Kwa walio kama mimi: dozi usiiache kwa uamuzi wako mwenyewe hata ukijisikia umepona. Ongea na daktari kwanza.

Baba Wawili

Allah akuponye, ndugu yangu. Hilo la malaika kurudi mara ya pili nitamsimulia kijana wangu.

Nyota Njema

Uzi bado uko wazi. Kuna mlinzi wa zamu za usiku amenifuata faraghani anauliza: usingizi wa mchana unalindwaje ukiwa na watoto wadogo nyumbani na majirani wasiojua kunong'ona? Mimi sijawahi kufanya zamu hizo. Wauguzi, madereva, waokaji, mjibuni hapa hapa tafadhali.