Wanafunzi wanasoma Lope de Vega kimyakimya, nifanyeje?

Mwalimu_Ughaibuni
Habari zenu wakuu. Nipo Marekani nasoma PhD ya fasihi ya Kihispania, na semista hii nimepewa kozi ya kwanza kufundisha mwenyewe, tamthilia za karne ya 17 za kina Lope de Vega na Calderón. Wanafunzi 14. Hizi kazi nazipenda mno ndo maana naumia, manake darasa limepoa kabisa.

Tumeanza na Fuenteovejuna ya Lope, ilichapishwa 1619, kisa chenyewe kilitokea kweli mwaka 1476, kijiji kimechoka na Comendador, yaani mkuu wa kijeshi anayewatawala, anayewaonea na kuwabeba mabinti na wake za watu, siku hiyo wakaamka wote wakamuua, hakimu akaja akawatesa mmoja mmoja, nani kamuua Comendador? kila mtu anajibu Fuenteovejuna, yaani jina la kijiji, basi, wazee mpaka watoto. Sasa kisa kama hicho unakisomaje usisimke? Nawapa jornada moja wakasome nyumbani (ndo wanavyoita tendo, kila igizo lina matatu), wanarudi na muhtasari wa kwenye intaneti. Wanasema lugha ni ya zamani, kila mstari kamusi, wakifika mwisho wa sentensi wameshasahau nani anaongea. Mmoja kaniuliza kwa nini inaitwa comedia wakati haichekeshi, ikabidi nieleze kwamba kipindi kile igizo lolote la matendo matatu waliliita hivyo, liwe la vilio au la vicheko.

Mwezi ujao tunaingia El médico de su honra ya Calderón, mume anamshuku mkewe, hana ushahidi wa kweli, analeta mtu wa kuumika damu amtoe mke damu mpaka afe. Hata sijui nitaianzaje. Je nihamie tafsiri ya Kiingereza? Waliowahi kufundisha tamthilia za kale za lugha yoyote naombeni mawazo.

Bi_Kisauni
Mwalimu salaam aleikum. Mie Kihispania sikijui ila nimekulia nyumba ya watu wa tenzi. Nauliza tu, hayo maigizo ni mashairi? Kama ni mashairi mstari una mizani ngapi, na hao wanafunzi wamewahi kuyasikia au wanayaona kwa macho tu? Manake utenzi hata sisi tukiusoma kimya hatuupati, mpaka mtu aughani.

Mwalimu_Ughaibuni
Waaleikum salaam bi mkubwa. Ni mashairi mwanzo mpaka mwisho na sehemu kubwa ni mizani nane. Kuna aina inaitwa romance, mistari ya nane nane, ule wa kwanza huru, wa pili una kina, wa tatu huru, wa nne kina kilekile cha irabu, na hakibadiliki mpaka onyesho liishe. Tofauti na kwetu ni kwamba irabu mbili zikikutana wanazimeza kuwa moja, na mstari ukiishia kwenye silabi yenye mkazo wanaongeza mizani moja kwenye hesabu, sisi mkazo wetu uko palepale kabla ya mwisho kwa hiyo hatuna shida hiyo. Cheki Laurencia, binti aliyetekwa na Comendador katoroka, anaingia kwenye kikao cha wanaume nywele zimetimka:

Dejadme entrar, que bien puedo,
en consejo de los hombres;
que bien puede una mujer,
si no a dar voto, a dar voces.

Maana yake niacheni niingie, naweza, kwenye baraza la wanaume, maana mwanamke anaweza, kama si kutoa kura basi kutoa sauti kubwa. Mchezo uko kwenye hilo dar, limerudiwa mara mbili, voto na voces. Kwa Kiingereza ule mchezo unachacha.

Bi_Kisauni
Nane na kina kinachorudi! Hicho ni kama kina cha bahari kwenye utenzi mwanangu, kile cha mwisho wa ubeti kisichobadilika mpaka mwisho. Na hilo dar lako kwetu ni kupiga. Ngoja:

Niacheni niingie
baraza la wanaume
mwanamke ana haki
kama si kupiga kura
basi kupiga kelele

Nimezidisha mstari mmoja na vina sijavipanga, lakini mizani hesabu. Hao watoto wapigishe makofi, nane nane, kabla hawajafungua kamusi.

Mzee_wa_Steji
Bi Kisauni umeua, kupiga kura kupiga kelele!! Mkuu mimi nafundisha sanaa za maonyesho hapa Dar na ushauri wangu ni huu, tafsiri wape ya kusomea nyumbani wajue kisa, lakini darasani Kihispania tu, mistari 40 kwa kipindi inatosha, wasimame waseme. Afu wachoree ule uwanja. Nimewahi kufika Almagro, mji wa Hispania, pale kuna corral ya 1628 bado imesimama na wanaigiza humo mpaka leo, ni ua tu katikati ya nyumba, mbao, jua juu. Wanaume wa tiketi za bei rahisi wanasimama chini mbele ya jukwaa, matajiri vyumba vya pembeni, wanawake wametengwa upande unaotazamana na jukwaa, wanapaita cazuela yaani chungu. Sasa fikiria huyo Laurencia anawakaripia wanaume, anawaita kondoo, na Fuente Ovejuna maana yake chemchemi ya kondoo, huku akiinua macho anatazamana na wanawake mia wamebanana. Na aliyesimama pale ni mwanamke kweli, Hispania waliruhusu waigizaji wanawake tangu 1587, wakati London bado vijana wa kiume ndo wanavaa magauni. Panga viti hivyohivyo, wasichana wote nyuma, uone.

Mwanafasihi254
Mimi hapo kwa wasichana nyuma singefanya bila kuwauliza kwanza, wengine itawachoma vibaya. Lakini ya kusimama na kusema nakubali kabisa.

Nimekuja juu ya El médico. Tafadhali usiwaambie wanafunzi ati hiyo ilikuwa desturi ya wakati ule tuendelee. Mimi hufundisha Nairobi na hiyo sentensi huua darasa, kwanza wale walio na shangazi au dada alipitia mambo kama hayo wanafunga roho hapo hapo. Anza na mwisho. Mencía, yule mke, amekufa na hana hatia, yule mtoa damu aliletwa amefungwa macho na wakati anatoka akabandika mkono wenye damu mlangoni ndio nyumba ijulikane, mfalme ameuona huo mkono, anajua kila kitu, na badala ya kumkamata Gutierre, yule mume, anamwambia amuoe Leonor, mchumba wake wa zamani. Gutierre anamwonya mkono huu umeoga damu, Leonor anasema haimshangazi wala haimtishi. Wasomaji hawajaacha kubishana kama Calderón anaunga mkono au anashtaki, na mimi naona hakuna mtu anaweza kuandika huo mlango akiwa ametulia. Waulize mfalme angefanya nini, mmoja awe mfalme, wacha wabishane, kisha ndio mrudi jornada ya kwanza.

Mwalimu_Ughaibuni
Nimerudi. Alhamisi tulipiga makofi. Viti sikuvigawa, nilifuata alichosema Mwanafasihi254. Tukafanya onyesho la mateso, kuna binti kalelewa na bibi yake wa Mexico, kimya tangu semista ianze, nikampa Mengo, yule mnono mwoga ambaye kila mtu anajua atasema. Anapiga kelele basi basi nitasema, hakimu anamuuliza nani kamuua, anajibu "Señor, Fuenteovejunica". Ile -ica ni ya kudogosha, ya mapenzi, kama bibi anavyoita kitu chake. Yule binti kaisema vile bibi yake angeisema na darasa zima likacheka afu likanyamaza, wakaomba turudie. Tumerudia mara nne.

Bi mkubwa, hiyo -ica nawaza ni ka- yetu, lakini Kafuenteovejuna ni refu, linavunja mizani. Ungesemaje?

Bi_Kisauni
Kakijiji ketu, bwana.

Hesabu, nane.