Kuomba staji (mafunzo ya kazi) redioni Lubumbashi: dosia ya maombi iwe na nini?

Kijana_Katuba: Bakubwa, jambo. Nimemaliza masomo ya habari UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), nataka staji ya redio upande wa Kiswahili. Nina barua na CV ya kurasa nne. Niongeze nini?

Mhariri_wa_zamu: CV ikate, ukurasa mmoja. Kitakachosikilizwa ni sauti yako. Tengeneza habari moja ya sekunde 90, ya hapa hapa: bei ya mfuko wa unga wa kilo 25 katika soko la Kenya, hapa Lubumbashi. Anza na bei yenyewe, si "unga ni chakula muhimu". Weka sauti mbili, muuzaji na mama anayenunua, sekunde 15 kila moja. Unabakiwa na dakika moja, ni maneno 110 hivi ya Kiswahili. Ukiandika 170 kama kwa Kifaransa utakimbia na kumeza mwisho wa maneno.

Simu iwe sentimita 15 toka mdomoni, pembeni kidogo, "p" na "b" zisipulize maikrofoni. Rekodi kwenye chumba chenye godoro na nguo. Kitupu kinarudisha mwangwi. Na ngoja grupu (jenereta) ya jirani izimwe!

Fundi_sauti: Itoe kwa MP3 ya 128 kbps, dakika moja ni karibu megabaiti 1. Kwa WhatsApp itume kama dokima ("document"). Ujumbe wa sauti unabanwa, tena hauna jina. Faili ibebe jina lako, "audio_final2" wanazo kumi.

Dada_Redaksio: Sauti peke yake haitoshi, mdogo wangu. Kwenye jaribio unaweza kupewa komunike (tangazo rasmi) ya Kifaransa ya ukurasa mzima uifanye habari fupi ya Kiswahili. Wengi wanaanguka hapo: wanatafsiri mstari kwa mstari, wanaanza na majina ya wakubwa waliohudhuria, kumbe uamuzi uko aya ya sita. Jizoeze hivi: soma mara mbili, funika karatasi, msimulie mtu wa nyumbani, kisha andika ulichosema.

Dosia peleka mkononi pia, ila si karibu na saa ya taarifa ya habari, hakuna atakayekuinulia macho. Wakikukubali, omba karatasi yenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza staji. Kadi ya UNPC, umoja wa waandishi wa habari wa Kongo, usiikimbilie sasa.

Kijana_Katuba: Aksanti sana. Na muuzaji akinitajia bei kwa dola?

Mhariri_wa_zamu: Iache kwa dola kama alivyosema, halafu taja faranga kwa kiwango cha siku ile. Na uulize wauzaji watatu, si mmoja.