Nyumba ya Walukuba: hesabu za likizo

JUMATANO

Da Zai 19:02
Asalaam alaikum familia. Shule zinafungwa Ijumaa ijayo na watoto wanakuja kwa Baba kama kila Agosti. Safari hii sitaki wiki tatu ziishe kwa kukimbiza matairi tu. Tupange mambo ya hesabu kabla hawajafika. Kila mzazi aseme leo: mtoto wake amekwama wapi, na kama atatuma simu.

Da Zai 19:04
Watoto ni saba. Hamza P5, Shamila P6, mapacha wa Mwanaidi P3, Faridi P2, na wawili wa Khamisi ambao sijui wamefika darasa gani kwa sababu Khamisi hajibu.

Sande Malaba 19:21
Waalaikum salaam. Hesabu ilinishinda tangu P4 na bado nakula 😂

Da Zai 19:22
Sande, Faridi ni mwanao. Jibu swali.

Sande Malaba 19:23
Faridi anajua kuhesabu pesa zilizo mfukoni mwangu nikiwa nimelala. Hayo si maendeleo?

Mwanaidi 19:25
😂😂😂

Da Zai 19:25
Mwanaidi umeamka kwa kicheko. Mapacha wamekwama wapi?

Rehema Kyambogo 19:40
Salaam wote. Shangazi, simu zitakuwa za aina gani? Kuna michezo inayokaa kwenye Android ndogo na haidai intaneti ukishaipakua.

Da Zai 19:41
Hiyo ndiyo naitaka mwanangu. Itaje.

Rehema Kyambogo 19:46
GCompris. Ya bure, haina matangazo, haimpeleki mtoto kwenye kamari. Ndani kuna kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kusoma saa, hata kulipa kwa pesa na kurudisha chenji. Mapacha na Faridi itawafaa. Na nikija na laptopu yangu kuna TuxMath: vimondo vinashuka kutoka juu, kila kimoja kina hesabu, mtoto anaandika jibu ili akilipue kabla hakijaangukia nyumba za pengwini. Anaandika mwenyewe, hachaguliwi majibu.

Da Zai 19:58
Hapo kwenye kuandika mwenyewe ndipo nataka tukae. Wakati wa Idi Hamza alikaa kando yangu na mchezo wake wa simu. Swali linakuja na majibu manne chini. Anagusa la kwanza, jekundu. La pili, jekundu. La tatu, kijani, nyota inaruka, simu inapiga makofi. Hata swali lenyewe hakulisoma. Alikuwa na nyota nyingi kuliko watoto wote. Nikamwandikia kwenye karatasi 42 kutoa 17. Akasema 35.

Da Zai 20:01
Tazameni hiyo 35 imetoka wapi. Upande wa kushoto 4 kutoa 1 ni 3. Upande wa kulia 2 haitoshi kutoa 7, basi akageuza, 7 kutoa 2, 5. Hakuazima kumi. Kila safu anachukua kubwa anatoa ndogo. Mtoto ana akili, ana kanuni yake na anaifuata vizuri, ila kanuni ni mbovu na ule mchezo hauwezi kumwambia. Unapiga makofi tu. Ndiyo maana nasema mtu mzima akae naye dakika 15 kila siku, daftari liwe kando, mchezo uwe wa kuzoeza kile alichokwisha kuelewa.

Mama Hamza 20:09
Kumbe mtoto wangu ndiye mfano wa ukoo.

Da Zai 20:10
Wifi yangu, namtaja kwa kumpenda.

Mama Hamza 20:10
Sawa.

Sande Malaba 20:12
Lakini 35 ni nzuri. Angekuwa anauza nyanya hapa mpakani tungekuwa matajiri.

Rama Tanga 20:30
Habari za huko binamu zangu. Huku kwetu hayo tuliyaona. Kati ya 2017 na 2019 shindano la XPRIZE lilileta tableti katika vijiji karibu 170 vya mkoa huu, kwa watoto waliokuwa hawasomi. Wakafunga na mitambo ya sola ya kuchajia. Programu zilikuwa kwa Kiswahili, kusoma, kuandika na hesabu, mtoto anajiongoza mwenyewe. Walioshinda 2019 ni wawili, onebillion na Kitkit School, wakagawana dola milioni 10. Na programu za fainali ziliachwa wazi bila malipo. Kwa huyo wa P2 na mapacha Kitkit inatosha kabisa, na sauti ni ya Kiswahili.

Da Zai 20:33
Rama, Mungu akubariki. Rehema, ichukue hiyo.

Rehema Kyambogo 20:35
Nitaijaribu kwanza kwenye simu yangu. Lakini Shamila yeye tumpe Khan Academy, kwa Kiingereza, maana PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ataifanya kwa Kiingereza. Ukikosa inakuonyesha hatua moja moja, na haina malipo. Shida yake inakula data.

Sande Malaba 20:37
DATA. Sasa tumefika. Mnakumbuka 2018 kodi ya shilingi 200 kila siku ili tu umsalimie mtu WhatsApp? Walipoiondoa 2021 wakaweka kodi ya asilimia 12 kwenye data yenyewe. Na umeme je? Walukuba mnaishi jirani na bwawa na bado mnalala gizani.

Mwanaidi 20:38
Bwawa la tangu 1954 na taa ya Baba ni ya sola 😂

Sande Malaba 20:38
Maji yanapita tu yakielekea Misri, yanatupungia mkono

Da Zai 20:40
Jamani. Nani anachangia data? Rehema, inahitajika kiasi gani?

Mwanaidi 20:41
Kwani Misri wanalipa bili ya nani 😂😂

Da Zai 20:44
Naandika tena. Nani anachangia data.

ALHAMISI

Da Zai 06:50
Hakuna aliyejibu. Nimekaa usiku na kalamu, someni hii hata kama hamtajibu. Jedwali la kuzidisha kuanzia 1 hadi 10 lina majibu 100, ndiyo maana watoto wanaliogopa. Lakini 3 mara 7 ni sawa na 7 mara 3, kwa hiyo zinabaki 55. Zitoe za 1, za 2, za 5 na za 10, hizo wanaziimba tangu P2. Zinabaki 21 tu! 6 mara 7, 7 mara 8, 4 mara 9, za namna hiyo. Likizo ni siku 21. Moja kwa siku. Hata bila data.

Rehema Kyambogo 07:15
Shangazi hii ni nzuri sana. Na kwenye GCompris naweza kuchagua jedwali moja moja ili wasichanganyikiwe. Ya kushindana na saa tuiweke mwisho kabisa. Mtoto ambaye bado anatafuta jibu ukimwekea saa anabahatisha.

Sande Malaba 07:30
7 mara 8 ndiyo iliyonitoa shule. Kila siku ilikuwa inanipata nikiwa ubaoni.

Rehema Kyambogo 07:30
56 Baba mdogo

Sande Malaba 07:31
Umechelewa miaka thelathini

Mama Shamila 13:18
Nilikuwa sokoni, ndiyo nasoma sasa. Shamila amekwama kwenye sehemu. Nusu ukijumlisha na theluthi anakwambia 2 juu ya 5. Anajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Mwalimu ana watoto wengi, hamfikii.

Da Zai 13:20
Asante dada. Hilo tunaliweza. Na simu?

Mama Shamila 13:31
Simu ya kutuma sina. Hii ninayoandikia ndiyo ya biashara.

Mama Shamila 13:34
Na kama ni kuulizana vifaa, ile tableti ya wakati wa kufungiwa iko wapi? Shamila aliingia P1 Februari 2020. Machi shule zikafungwa. Mpaka zinafunguliwa kwa wote ilikuwa Januari 2022. Tulichanga wote hapa hapa kwenye kikundi hiki. Mimi nilitoa pesa ya samaki. Mwanangu hajawahi kuishika hata dakika moja. Leo ni P6 na hajui sehemu.

Da Zai 13:36
Dada, hilo tuliweke kando kwanza tumalize la likizo.

Mama Shamila 13:36
Limekaa kando miaka yote hiyo Zai.

Baba Hamza 13:52
Tableti ilikaa kwangu kwa sababu nusu ya pesa niliitoa mimi. Na Busia mpaka ulikuwa umefungwa na magari hayatembei, ningeituma na nini? Kila mtu anajua.

Mama Shamila 13:55
Magari yalirudi kaka. Yalirudi mapema sana.

Mama Hamza 13:56
Ujumbe huu umefutwa

Mwanaidi 13:57
Wifi umeandika nini 👀

Sande Malaba 13:58
Tuulizane 7 mara 8 jamani, tupoe

Mama Shamila 13:59
Sande si kila kitu ni mchezo.

Baba Hamza 14:03
Mnanisema kama vile kiwanja cha Bugembe. Mambo yenu yakiharibika, mimi.

Da Zai 14:05
Kiwanja hakijatajwa na mtu. Naomba tusifike huko. Naomba sana.

Da Zai 16:40
Nimetengeneza mpango. Asubuhi saa tatu hadi saa nne, wawili wawili, dakika 15 kila jozi. Wakubwa na Rehema, wadogo na mimi. Nahitaji simu mbili na mtu wa data. Nani?

Da Zai 18:02
❓

Baba Walukuba 20:16
🎤 Ujumbe wa sauti, 1:48

Mama Shamila 20:19
Simu yangu haifungui sauti. Tafadhali mtu aandike Baba amesema nini.

Rehema Kyambogo 20:31
Naandika alivyosema Babu, sijaongeza kitu:

"Zai amenisomea yote, la jana na la leo. Ile tableti niliuza mbuzi kuichangia. Sikuwahi kuuliza iko wapi. Nilimngoja aliye nayo aseme mwenyewe. Sasa iletwe hapa Walukuba Jumamosi. Kama ni nzima iletwe nzima, kama imevunjika iletwe imevunjika, niione. Akianza mtu kuishika, aanze Shamila. Na wewe Zai, unafanya kazi nzuri, lakini mtoto wa ndugu yako usimwandike makosa yake mbele ya watu wote hawa. Mwite pembeni. Hamza ni mjukuu wangu, akija atakaa na mimi, nitamfundisha kuazima kumi kwa mbegu za mweso, lile bao letu, tulikuwa tunahesabu hivyo kabla ya simu zenu. Wote saba nawataka hapa. Basi."

Da Zai 20:33
Nimesikia Baba.

Mwanaidi 20:50
Nimesikia Baba. Mapacha wamekwama kwenye kugawanya. Nitatuma simu yangu ya zamani.

Sande Malaba 21:04
Nimesikia Mzee. Data ya wiki ya kwanza naweka mimi.

IJUMAA

Baba Hamza 06:12
Baba shikamoo. Nimesikia. Italetwa.

Da Zai 06:15
Asante kaka. Na Hamza anakuja naye Jumamosi au baada ya shule kufungwa?

Da Zai 09:30
Wifi?

Rehema Kyambogo 10:11
Baba mkubwa, ukiiwasha niangalizie Android namba ngapi, iko kwenye mipangilio chini kabisa. Kitkit na GCompris nitaziweka kutoka kwenye simu yangu, hatuhitaji intaneti ya huko. Khan Academy kama haitakubali, sehemu za Shamila nitamfundisha kwa karatasi, tunakunja chapati ya karatasi vipande viwili sawa, na nyingine vitatu sawa, mpaka aone kwa nini nusu na theluthi hazijumlishwi hivi hivi. Halafu ndiyo aende kwenye mazoezi.

Mama Shamila 10:40
Asante Rehema. Mungu akuzidishie.

Khamisi Bombo 12:27
Wangu ni P4 na P1. Kuna nini?

Sande Malaba 12:28
Banange Khamisi 😂😂😂

Da Zai 12:30
Khamisi panda juu, soma kuanzia Jumatano. Unatuma simu au data ya wiki ya pili?

Khamisi Bombo 12:31
Kale, nasoma

Baba Hamza 17:45
Tableti imewaka. Kioo kina ufa upande wa juu lakini inagusika. Haikai na chaji. Chaja yake sijui iliishia wapi.

Da Zai 17:47
Ni ya tundu lipi, lile dogo la zamani au la siku hizi?

Sande Malaba 17:50
Hapa Malaba chaja ziko za kila aina. Piga picha ya tundu nitume na basi la kesho asubuhi.

Da Zai 18:20
Kaka, picha.

Da Zai 19:55
Kaka?