Spika za kueleweka kwa chumba kidogo Dodoma: KEF LS50 Meta au Wharfedale Linton?

Kijana wa Ilazo:
Wakuu habari za jioni. Nimejichanga muda mrefu, sasa nataka kuachana na sabufa nichukue spika za kueleweka, za kukaa na kusikiliza muziki, si za sherehe. Zimebaki jozi mbili kichwani: KEF LS50 Meta na Wharfedale Linton. Chumba ni kidogo. Mwenye uzoefu anisaidie kabla sijatoa hela.

Fundi Besi:
Kidogo ndiyo mita ngapi kwa ngapi? Amplifaya unayo? Unasikiliza nini? Chini marumaru au zulia? Mada kama hii bila vipimo unataka tupige ramli.

Dada Kondoa:
Na bajeti. Asipoitaja, humu watamjazia vitu vya bei ya kiwanja Iyumbu.

Nzuguni Moja:
Linton. Uzi ufungwe.

Pasi Ndefu:
Usifungwe. LS50 Meta twita yake, kile kispika cha sauti nyembamba, imekaa katikati kabisa ya woofa, ile ya besi, sauti yote inatoka sehemu moja. Hata ukikaa karibu, mwimbaji anasimama katikati yako na ukuta, unamwonyesha kwa kidole. Linton ni kabati la kilo 18 moja, chumba kidogo utaliweka wapi? Juu ya kitanda?

Nzuguni Moja:
Kabati ndiyo spika mkuu. Hiyo woofa yako ya inchi 5 na kitu ikupe ngoma ya muheme kama ilivyo? Linton ni inchi 8 na ina spika tatu ndani. Utaniambia nini.

Kijana wa Ilazo:
Samahanini, nilikuwa kazini Mtumba. Chumba ni mita 3 kwa 3, marumaru chini, jipsamu juu, dirisha moja la aluminiamu. Nyumba ya kupanga, ukuta mmoja tumepakana na jirani. Amplifaya ninayo ya wati 40. Nasikiliza dansi la zamani, taarabu, na rekodi za ilimba na zeze za huku kwetu. Bajeti milioni 5, usafiri humo humo.

Fundi Besi:
Mita 3 kwa 3! Hilo ndilo ulitakiwa kuanza nalo. Sauti inakwenda mita 343 hivi kwa sekunde. Gawa kwa mara mbili ya urefu wa chumba, yaani 6, unapata hezi 57. Noti hiyo ya besi itagonga ukuta na kurudi ikijikuta, itavuma kuliko wenzake. Chumba chenye urefu na upana tofauti hugawana balaa hilo noti mbili. Chako ni mraba, kwa hiyo pande zote mbili zinavuma noti ile ile. Pima na dari: ikiwa nayo inakaribia mita 3, ndiyo imekuwa tatu.

Kingine, usiweke kiti katikati ya chumba. Hapo katikati noti hiyo hiyo inapotea, utadhani spika haina besi, kumbe imejazana kwenye kona inamsumbua jirani. Na spika zote mbili ulizotaja zina tundu la besi nyuma, zinataka nafasi kutoka ukutani. Wewe nafasi unaitoa wapi?

Piga makofi mawili ukiwa chumba kitupu. Ukisikia mlio kama wa bati, hata ulete spika ya milioni 20 utasikia marumaru.

Nzuguni Moja:
Na msisahau Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa nyepesi. Hesabu za Dar hazifanyi kazi huku.

Fundi Besi:
Kasi ya sauti inafuata joto la hewa, haifuati mwinuko. Acha utani.

Nzuguni Moja:
Basi mchana wa Oktoba hesabu yako nayo inabadilika 😂

Fundi Besi:
Inabadilika kidogo, ndiyo. Mleta mada, kwa wati 40: ukizilisha umeme ule ule, Linton inatajwa kutoa sauti ya desibeli 90, LS50 Meta 85. Tofauti ya 5 ni nguvu mara tatu na ushee. Hizo 40 zako kwenye Linton, ili LS50 ifikie sauti ile ile utahitaji kama 125.

Pasi Ndefu:
Chumba cha mita 3 nani anahitaji wati 125? Anasikiliza zeze huyo, hafungulii baa.

Babu Area D:
Vijana, kabla ya spika aangalie amplifaya imetoka wapi. Mimi nililetewa amplifaya ya mtumba ya Japani, chuma kizito, kioo mbele, sindano mbili zinacheza. Muuzaji alinihakikishia iko safi, na kweli dukani iliimba vizuri. Plagi nikaona ni ya miguu mitatu kama zetu, nikaridhika. Sikujua ile ya asili ilikatwa, na kwamba pale dukani waliichomeka kwenye transfoma ya kushusha umeme iliyokuwa chini ya meza. Vitu vya Japani ni volti 100, wenzangu. Imeandikwa nyuma kabisa, maandishi ya mchwa. Nimefika nyumbani, nikamwita mama aje asikie, nikachomeka kwenye 230 yetu. Ikavuma *mmmm*, kapasita zikapasuka kama bisi, na woofa ya kushoto ikaondoka nayo, koili imeungua. Mama aliuliza huo ndio muziki wenyewe? Muuzaji kumpigia, ananiambia "mzee ulitakiwa kuuliza".

Dada Kondoa:
Shikamoo babu, pole sana. Nimecheka lakini pole.

Babu Area D:
Marahaba mwanangu. Cheka tu, mimi mwenyewe sasa hivi nacheka.

Kijana wa Ilazo:
Shikamoo mzee. Nimeenda kuangalia nyuma, imeandikwa 220-240. Nimehema. Sasa je, nikibandika sponji ukutani?

Fundi Besi:
Sponji nyembamba inakula twita tu, besi inapita kama haipo. Zulia zito, pazia zito, na magodoro mazito mawili umeyasimamisha kwenye kona za nyuma. Nyumba ya kupanga hutoboi kitu, ukihama unahama nayo.

Dada Kondoa:
Mgeni akija unamlaza kwenye besi.

Mimi ningesema achukue spika ndogo isiyo na tundu kabisa, mfano Harbeth P3ESR, hiyo haiogopi sana ukuta. Ila bei yake nayo, aah. Na chochote utakachonunua kifunike kitambaa kiangazi. Vumbi la huku linaingia hata dirisha likiwa limefungwa.

Pasi Ndefu:
Na waya? Anatumia waya gani?

Fundi Besi:
Tafadhali tusianze mambo ya waya.

Kijana wa Ilazo:
Jumamosi nachukua treni asubuhi, kuna mtu Dar ana LS50, kakubali nikasikilize na diski zangu. Linton sijapata wa kunisikilizisha. Nitaleta mrejesho.

Nzuguni Moja:
Mwezi wa pili huu. Mleta mada, mrejesho?

Dada Kondoa:
Labda amelala kwenye magodoro. Babu, samahani, ile transfoma ya kushusha hatimaye uliipata? Kaka yangu kaletewa redio ya Japani, nimemwambia asichomeke kwanza.

Babu Area D:
Ninayo, mwanangu, na haina kazi. Aje aichukue. Amplifaya ndiyo nimewekea chungu cha maua.