Naomba ushauri: tunalala kwenye turubai na mtoto mchanga, baridi ya alfajiri inatusumbua

Habari zenu wakuu. Niko Igombe, Mwanza. Mvua zilibomoa nyumba ya mama, ya tofali za tope, sasa tunalala kwenye turubai tulilolivuta juu ya mirunda huku tukijenga upya. Tuko wanne, pamoja na mwanangu wa miezi saba.

Najua Mwanza si Makambako, na waliolala kwenye mahema Uturuki, kwenye theluji, baada ya tetemeko la Februari 2023, baridi yetu wangeiona mchezo. Lakini saa kumi alfajiri upepo unapita kwa chini, mtoto anaamka pua baridi kama sato wa kwenye barafu.

Mdogo wangu aliwahi kuingiza jiko la mkaa ndani, akashusha pazia la mlangoni. Tuliamka vichwa vinagonga, mama anatapika. Nikalitoa, halirudi. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyonuka, na aliyelala hajui kinachomjia. Hapo sibishani na mtu.

Sasa nimetandika maboksi chini ya mkeka, maana baridi kubwa inatoka ardhini. Yamesaidia, ila yanalowa. Je, viroba vya pumba za mpunga vitafaa, au nitakuwa nimewakaribisha panya?

Pia nataka kuongeza turubai la pili juu, niache nafasi ya kiganja katikati. Aliyewahi kufanya hivyo, yale matone ya unyevu yanayodondoka alfajiri kutoka upande wa ndani wa turubai yalipungua? Nikiziba kila upenyo naona ndiyo yanazidi. Blanketi tunazo.