Mjadala: Je, treni za Syokimau ziongezwe saa za mchana?

Abiria wa Zamu
Stesheni ya Syokimau ilizinduliwa na Rais Mwai Kibaki mwezi wa Novemba 2012, ili wakazi wa upande huu wa Nairobi waache magari hapo na kuingia mjini kwa reli badala ya kukwama katika Barabara ya Mombasa. Ratiba, hata hivyo, bado inaelemea asubuhi na jioni. Muuguzi anayetoka zamuni saa sita mchana hana treni ya maana. Naomba tujadili iwapo safari za mchana ziongezwe, na nasema wazi kwamba stesheni hii iliwafikiria wenye magari kabla ya watembea kwa miguu.

Mkazi wa Katani
Hilo la wenye magari limenichoma. Gari langu ni la mkopo, na kila siku ninapoliegesha stesheni, barabara hupungukiwa na gari moja. Ndivyo mradi ulivyokusudiwa. Anayefika jukwaani na tope hadi vifundoni ailaumu barabara ya mtaa isiyo na mtaro, asinilaumu mimi.

Mstaafu wa Reli
Tuliacheni gari la ndugu yetu. Reli tunayoitumia ni ile ya upana wa mita moja, iliyofika Nairobi mwaka 1899, na kwa sehemu kubwa ni njia moja tu ambayo treni za mizigo nazo huipita. Treni mbili zikielekeana, moja husubiri pembeni mpaka nyingine ipite. Treni za dizeli zilizoletwa kutoka Hispania mwaka 2020 zimesaidia, lakini hata mkileta nyingine kumi, bila sehemu zaidi za kupishana zitasimama zikingojeana. Sehemu ndogo tu ya fedha zilizomezwa na SGR, ile reli mpya iliyo pana zaidi kati ya Mombasa na Nairobi, ingetosha kutujengea njia ya pili.

Mtetezi wa SGR
Mzee, kwa heshima zote, neno "zilizomezwa" si la haki. SGR imemfikisha mwananchi Mombasa bila kukesha njiani. Syokimau yenyewe ilijengwa kwa ajili ya kuwapokea abiria wake, na pasipo wao leo isingekuwa na sifa yoyote.

Abiria wa Zamu
Madaraka Express, treni ya abiria ya SGR, ilianza mwaka 2017. Stesheni yetu ilikuwa imehudumia watu kwa zaidi ya miaka minne, na ile ya SGR ni jirani yake tu. Ukitaka kuona jinsi abiria hao walivyopokewa, mtazame bibi anayeshuka kutoka Mombasa, kapu la maembe mkono mmoja na mjukuu mkono wa pili, akihamia treni nyingine ili afike katikati ya jiji. Reli ya milimita 1,435 na ya milimita 1,000 haziingiliani, kwa hiyo ni yeye anayebeba gharama ya uamuzi wa kuiishiza SGR nje ya jiji.

Mtetezi wa SGR
Kuipitisha reli hiyo katikati ya jiji kungebomoa nyumba za watu, na ninyi ndio mngekuwa wa kwanza kulalamika. Bibi huyo ametengewa treni ya kumuunganisha. Ikiwa Madaraka Express imechelewa, treni hiyo ni lazima imsubiri, hata kama mkazi wa Syokimau amenuna.

Mkazi wa Katani
Imsubiri kwa muda gani, na kwa gharama ya nani? Ninayetaka kushuka Imara Daima au Makadara nimelipa nauli kama yeye. Kama kuna treni inayotembea mchana kwa ajili ya wageni, basi isimame pia kwenye vituo vyetu na ituchukue.

Mstaafu wa Reli
Isimame wapi, ndugu yangu, na nyuma yake kuna treni ya mizigo inayosubiri njia hiyo hiyo moja? Nimewaeleza jambo hili, na mmeniacha nalo peke yangu.