Niko na mimba na kazini napasha chakula kwa maikrowevu. Nihofie?

MamaMtarajiwa:
Habari zenu. Nafanya kazi mkahawani hapa tauni, mimba ni ya wiki tisa. Wifi yangu amenitumia ujumbe WhatsApp eti panya wenye mimba walipigwa mawimbi ya maikrowevu wakazaa watoto wenye kasoro. Sasa mimi niko mbele ya hiyo mashine tangu saa tano hadi watu wa lanchi waishe, na mlango umelegea, mpaka uusukume kwa kiwiko ndiyo ushike. Mume anataka niache kazi. Na kodi?

NesiMstaafu:
Hongera mama. Wifi hajadanganya, ila amekata hadithi katikati. Majaribio hayo yapo, mengine yakitumia megahazi 2,450, zilezile za maikrowevu ya jikoni. Lakini panya walikaa ndani ya mawimbi yenyewe, mwili mzima, kwa nguvu ya kuwachemsha. Joto la mama lilipofika nyuzi 41 au 42 ndipo mimba zilipoharibika, au watoto wakatoka wadogo na wenye kasoro. Joto lisipopanda hivyo, kasoro hizo kwa kawaida hazikuonekana. Mimi ningehofia homa zaidi. Ukichemka, nenda kliniki siku hiyohiyo. Na vidonge vya damu unameza?

Kamundia:
Rudi kwa makaa dada, hayana mionzi.

NesiMstaafu:
@Kamundia tafadhali! Hewa ya sumu ya makaa inamfikia mtoto tumboni kupitia damu ya mama. Hilo halihitaji panya.

FundiWaNgara:
Mimi naona shida ni huo mlango. Maikrowevu nzima hairuhusiwi kuvujisha zaidi ya miliwati 5 kwa sentimita mraba, ukipima sentimita 5 kutoka kwenye mashine, na ukirudi nyuma hatua moja mawimbi yanapungua sana. Kuna swichi zinazozima mawimbi mlango ukifunguka. Ila bawaba zikilegea au mlango ukipinda, usiiwashe. Na bosi asiifungue na bisibisi yake: kapasita hubaki na umeme hata plagi ikichomolewa.

MamaMtarajiwa:
Asanteni sana. Vidonge nameza, ingawa vinanifunga choo. Bosi anasema atafunga mlango na raba bendi.

FundiWaNgara:
Raba bendi?! Chomoa hiyo kitu, upashe kwa sufuria kwanza. Nitumie picha ya bawaba na modeli inboksi nikuangalizie bei ya spea.